"Mwanangu Anacheza Tu!"

Mwaka juzi seremala mmoja wa kijiji chetu alikwenda katika shule ya watoto wadogo, daftari mkononi, naye amekasirika. Akalifungua mbele ya mwalimu. Kurasa zote zilikuwa nyeupe. "Mwalimu," akasema, "miezi mitatu sasa, hata a moja hamna! Nikimwuliza binti yangu amefanya nini leo, aniambia amemimina maji. Maji hata nyumbani kwangu yapo." Akamshika mtoto mkono, wakaenda zao.

Labda wewe nawe umepata kusema hivyo. Basi tumwache kidogo huyu bwana, twende mbali, mjini Roma, kisha tutamrudia.

Tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Epifania, daktari mmoja mwanamke, jina lake Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo. Mtaa huo ulikuwa wa maskini. Baba na mama walikwenda kazini, na wadogo wasiofikia umri wa shule walibaki wakikimbia ngazini na kuchafua kuta. Wenye majumba walitaka tu mtu wa kuwaangalia, kuta zao zipone. Elimu haikuwa shabaha yao.

Siku moja daktari huyo alimwona mtoto wa kike, wa miaka kama mitatu, akitia vipande vya mti vya mviringo katika matundu yake, kila kipande na tundu la kipimo chake. Akimaliza huvitoa vyote, akaanza tena. Daktari akawaambia wenzake waimbe na kutembeatembea, mtoto hakujali. Akamwinua pamoja na kiti chake, akamweka juu ya meza. Mtoto akavikumbatia vipande vyake, akaendelea na kazi. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, ametulia kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri.

Sisi je? Tukimwona mtoto akifungua na kufunga kifuniko cha chupa mara ya nne tu, twamnyang'anya.

Herufi nazo Montessori alizikata katika karatasi ya msasa, watoto wazipapase kwa vidole, bila haraka ya kalamu. Siku moja ya Desemba walikuwa juu ya paa la nyumba, akampa mvulana wa miaka mitano chaki amchoree dohani. Mtoto akaichora, akasifiwa. Mara akapiga kelele kwa furaha kwamba anajua kuandika! Akainama, akaandika kwa lugha yake neno "mkono", kisha "dohani", kisha "paa". Mkono ulikwisha jifunza siku nyingi kabla ya kupewa kalamu.

Sasa utaona maana ya yale maji. Mtoto anayemimina kutoka kikombe hiki hata kile bila kumwaga anafundisha kiwiko, kiganja na jicho kufanya kazi pamoja. Vidole vitatu vinavyookota kunde moja moja ndivyo vitakavyoshika kalamu. Naye anayetenga kunde na choroko anazoeza jicho kutambua tofauti. Tena mambo haya hayangoji: mtoto akifika miaka mitano, ubongo wake umekaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Nyumbani, mpe kibuyu kidogo akuletee maji, mwache ahesabu mayai, na akikuuliza jambo, mjibu. (Akina baba, hili la kujibu ni letu hasa. Twapenda mno kusema "kamwulize mama yako".)

Haya, turudi kwa seremala. Jioni ile ile mwalimu alimfuata nyumbani. Hakuja kwa ajili ya daftari. Alisema hivi: "Mzee, katika mchezo wetu watoto hugeuka nyuma, mimi napiga makofi, nao huhesabu. Binti yako hahesabu. Nikimwita kwa nyuma, hageuki. Nikisimama mbele yake, afanya yote vizuri. Tena sikio lake moja latoa usaha."

Yule bwana alinyamaza. Kwa muda mrefu alikuwa akimchapa mtoto yule kwa sababu ya ukaidi: aitwa, haji; atumwa, hendi. Mkewe alisimama mlangoni, akaanza kulia.

Kesho yake walikwenda zahanati. Masikio yote mawili yalikuwa na ugonjwa; yakasafishwa, dawa ikatolewa, wakaambiwa wasimtie mafuta wala kijiti sikioni, na maji yasiingie. Walirudi mara kadhaa, maana ugonjwa wa namna hiyo hauponi kwa siku moja, nao ukiachwa huweza kumpotezea mtoto usikivu kabisa. Nawe ukiona usaha katika sikio la mwanao, usingoje ukauke wenyewe.

Mtoto alirudi shuleni, na sasa hukaa mstari wa mbele, karibu na mwalimu. Juma lililofuata baba yake alileta gunia la vipande vya mbao alivyovipiga randa hata vikawa laini, vya kila kipimo, watoto wapangie. Lile daftari jeupe hakulirudisha. Aandikia hesabu za vitanda na milango ya watu.