Ukifufua gari la mzee, anzia magurudumuni

Msomaji, huenda huko kwenu mashambani kuna gari kuukuu lililolala chini ya mti. Kuku wanataga ndani yake, watoto wanacheza udereva, na kila Krismasi mnapokutana mmoja wenu hugonga boneti na kusema, "Hili gari tutalifufua." Kisha mnarudi mjini na gari linabaki pale pale.

Letu lilikuwa nyumbani kwa baba, Kwa Vonza, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Ni Volkswagen ya mgongo wa kobe ya mwaka 1971. Baba aliinunua kuukuu alipokuwa mwalimu, ikampeleka kazini, ikatupeleka sisi shuleni, na usiku mmoja ikamfikisha mama hospitalini Kitui kujifungua kitindamimba wetu. Ilipochoka akaiegesha chini ya mgunga. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho bewa lake kuu liko huko Kwa Vonza, walikuwa wakipita na kupiga picha karibu nayo.

Tulipoamua kuifufua, sote tulifikiria injini, rangi na viti. Hakuna aliyefikiria magurudumu. Leo nataka nikueleze kwa nini hayo ndiyo yaliyokaribia kutuua.

GARI LA SAFARI

Kwanza ulifahamu gari lenyewe. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, madereva walipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za matope na vumbi. Volkswagen hii ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena 1957 mikononi mwa Gus Hofmann na Arthur Burton, na 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Si ajabu walimu, makarani na mapadri waliipenda. Haikuhitaji maji ya kupoza injini, jambo kubwa katika nchi kavu kama Ukambani.

Ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 30, 2003, na kufikia siku hiyo zaidi ya milioni 21 zilikuwa zimeundwa. Ndiyo sababu vipuri vyake vingali vinapatikana. Lakini gari lililoundwa kwa miaka mingi hivyo lilibadilishwa mara nyingi, na hapo ndipo mnunuzi hunaswa.

UZURI WA MKAKASI

Rimu zetu za zamani zilikuwa zimeketi udongoni miaka mingi bila upepo. Kutu ilikuwa imetoboa moja kando ya tundu la vali. Nikaenda Nairobi, barabara ya Kirinyaga, nikarudi na rimu 4 za "Volkswagen ya kobe". Baba alizitazama mara moja tu akacheka. Zilikuwa na matundu 5, na gari letu lina matundu 4.

Safari ya pili nikajiona mjanja. Nikanunua rimu za aluminiamu zenye matundu 4, zinazong'aa kama kioo. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, alizifunga kwa bolti zetu za zamani.

"Mwalimu, sasa gari hili ni la harusi," akamwambia baba.

"Mimi sina harusi," baba akajibu. "Nataka la kunifikisha Kitui."

Jumapili iliyofuata tuliondoka kwenda Wamunyu, baba kando yangu, mama na wajukuu wawili nyuma. Kabla ya kufika Mto Athi nikasikia ko-ko-ko kutoka nyuma. Nilidhani ni jiwe lililokwama kwenye tairi. Mama, ambaye hajawahi kuendesha gari, ndiye aliyesema, "Simama." Niliposhuka nilikuta bolti mbili za gurudumu la nyuma zimelegea hata nikazizungusha kwa vidole, na ya tatu haipo. Matundu ya rimu yalikuwa yameanza kuwa marefu kama yai. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kwenda darajani.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilinunua kwa macho.

PIMA, USIKISIE

Je, kosa lilikuwa wapi? Yalikuwa mawili, na yote yangeonekana mapema kama tungalipima.

La kwanza ni umbo la kichwa cha bolti. Bolti za asili za Volkswagen hii zina shingo ya mviringo kama mpira, na rimu zake za chuma zina kikalio cha mviringo kinacholingana nayo. Rimu nyingi za aluminiamu za kununua madukani zina kikalio cha pembe, kama faneli. Ukiweka mpira ndani ya faneli, hugusana kwenye mstari mwembamba tu. Unakaza na kuhisi imeshika, lakini gari likitikisika, bolti hulegea yenyewe.

La pili ni urefu. Rimu ya aluminiamu ni nene kuliko ya chuma, kwa hivyo bolti fupi hushika nyuzi chache tu. Kanuni nyepesi ni hii: bolti iingie angalau kiasi cha unene wake. Bolti zetu zina unene wa milimita 14, na kila mzunguko huingia milimita moja na nusu. Basi hesabu mizunguko unapofunga kwa mkono. Ikikaza kabla ya mzunguko wa 9, ifungue. Zetu zilikuwa zimezunguka mara 5.

Na matundu? Pima duara linalopita katikati ya matundu yote. Yakiwa 4, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linaloelekeana nalo. Gari letu linataka milimita 130. Yakiwa 5, hakuna tundu linaloelekeana na jingine, kwa hivyo pima kati ya mawili yaliyo jirani kisha zidisha kwa 1.7. Kwa Volkswagen za zamani zaidi utapata milimita 120 na nusu, ambayo ukizidisha inakupa karibu 205. Mwanafunzi unayeuliza hesabu za duara zina faida gani, hii ni mojawapo.

Ukiambiwa matundu yasiyolingana yanaweza kuzibwa kwa kuchomelewa na kutobolewa upya, kataa. Rimu hubeba watu, na chuma kilichochomwa ovyo hupasuka bila kukupigia hodi.

Mwishowe tulipata rimu 5 za chuma za asili kutoka kwa Volkswagen iliyokufa. Tulizisugua kutu kwa kupuliza mchanga, tukatazama kila ufa, kisha tukafunga moja moja kwenye gari lililoinuliwa na kuizungusha huku tumeshikilia kalamu karibu na ukingo. Moja ilikuwa ikiyumba. Tuliitupa. Zilizobaki tulipaka rangi, isipokuwa sehemu ile inayogusana na drami ya breki. Hapo usiache rangi nene, kwa maana husagika na bolti hulegea.

UMRI WA TAIRI

Tairi nayo ina tarehe ya kuzaliwa. Tazama ubavuni baada ya herufi DOT, utaona tarakimu 4. Ikiandikwa 2319, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa zipo tarakimu 3 tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, hata kama ina meno kama mpya. Jua la Ukambani hukausha mpira. Tairi iliyofikisha miaka 10 usiipe watu wako, na kuanzia mwaka wa 5 ikaguliwe kila mara.

Upepo nao si sawa kwa magurudumu yote. Injini ya Volkswagen hii iko nyuma, hivyo nyuma huhitaji zaidi. Kwa tairi za redio tulizoweka, kitabu cha gari kinataka 18 mbele na 27 nyuma. Ukijaziwa 30 kote kama wanavyozoea vijana wa pampu, usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi na gari litarukaruka kwenye changarawe. Usisahau pia gurudumu la akiba: katika nyingi za Volkswagen hizi, upepo wake ndio husukuma maji ya kuosha kioo cha mbele.

SIKU YA KUFUNGA

Udongo wetu ni wa kichanga, kwa hivyo weka ubao mpana chini ya jeki. Weka mawe kwenye magurudumu yaliyobaki. Kagua sehemu ya kuingizia jeki, maana katika gari kuukuu huwa imeoza na jeki hupenya. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Anza bolti zote kwa vidole. Kisha kaza kwa kuvukisha, moja halafu ile inayoielekea, kidogo kidogo, na umalizie gari likiwa limekanyaga chini. Gari letu linataka nguvu ya newton-mita 130. Huna spana ya kupima nguvu? Kwa spana yenye urefu wa sentimita 30, ni kama kuigandamiza kwa uzito wa kilo 44. Usipande juu yake kwa miguu miwili, utakata bolti au kuharibu nyuzi.

Ukishakwenda kilomita 50, simama ukaze tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tuliporudia safari ya Wamunyu, baba ndiye aliyeendesha. Alivuka daraja la Athi polepole, na upande wa pili akasimama, akashuka na spana, akagusa kila bolti. Hakuna iliyolegea. Mama alikuwa nyuma na wajukuu wale wale. Hakusema neno, lakini niliona ameachilia ule mkono aliokuwa ameshikilia kiti tangu tutoke nyumbani.

Basi, msomaji, Krismasi ijayo mkikutana tena chini ya mti, msianze na rangi. Chukueni rula, mpige magoti kando ya gurudumu, na muanzie hapo.