Si Fangasi, Ni Kidole cha Shahada

Wapo watu wanaomeza vidonge vya fangasi kwa miezi, na ukucha wa gumba ukabaki vilevile: umebonyea katikati, na mistari imekingama kutoka shinani hadi nchani kama migongo ya bati la paa. Vidonge havina kosa. Fangasi yenyewe hakuna.

Mtazame mtu huyo akiwa kwenye foleni ya benki. Kidole cha shahada kinajikunja, kinaligusa shina la ukucha wa gumba la mkono huohuo, kinaisukuma nyuma ile ngozi nyembamba, kinaachia, kisha kinarudia. Mwenyewe hana habari. Chini ya ngozi hiyo ndipo ukucha unapozaliwa, na kila msukumo huacha jeraha dogo linalosogea mbele kadiri ukucha unavyoota, takriban milimita 3 kwa mwezi. Ndiyo maana mstari unaoonekana leo katikati ya ukucha ni wa miezi kadhaa iliyopita. Mara nyingi hata ule mwezi mweupe wa shinani hutanuka.

Fangasi kwa kawaida huanzia nchani au pembeni, ukucha ukawa mnene, wa njano na wenye kumeguka. Penye shaka, kipande cha ukucha kipimwe maabara kabla ya dawa, maana baadhi ya vidonge hivyo vinaweza, ingawa kwa nadra, kudhuru ini.

Kutafuna kucha ni ndugu wa tabia hii. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaiweka jirani na maradhi ya kurudiarudia vitendo, kwa hiyo kumgombeza mtoto au kumpaka pilipili vidoleni (ambayo huishia machoni) mara nyingi hakutoshi. Njia iliyoandikwa na wanasaikolojia Azrin na Nunn mwaka 1973 ina manufaa zaidi: mtu ajifunze kuitambua dakika mkono unapoanza, kisha afumbe ngumi mpaka hamu ipite. Shina la ukucha nalo lifunikwe kwa plasta. Wapo madaktari wa ngozi waliowahi kuziba ngozi hiyo kwa supa gluu, ila usijaribu bila ushauri, kwani gluu huwaletea wengine mzio.

Ukucha wa gumba huchukua miezi 6 hivi kuota upya. Kidole kikivimba na kutunga usaha, wahi zahanati: shina likishapata kovu, ukucha huenda usiote sawasawa tena.