Udhaifu wa Transista kama Kipimo cha Mionzi kwa Mgonjwa wa Saratani

Transista ya aina ya MOS ina lango lililotenganishwa na silikoni kwa utando mwembamba wa oksidi. Mkondo wa umeme hauanzi kupita mpaka volteji ya lango ifikie kiwango fulani, ambacho katika makala hii kinaitwa volteji ya kizingiti. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani, Hughes na Giroux, walionesha kwamba mionzi hukisogeza kizingiti hicho. Kwa wabunifu wa vyombo vya angani hiyo ilikuwa habari mbaya. Miaka kumi baadaye Andrew Holmes-Siedle aliutazama udhaifu huohuo kwa jicho jingine, akapendekeza utumike kupima kiasi cha mionzi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mionzi inapopenya katika oksidi huzing'oa elektroni kutoka mahali pake, na kila elektroni huacha nyuma yake nafasi tupu iitwayo tundu, ambayo hutenda kama chaji chanya. Elektroni ni nyepesi katika mwendo. Huondoka mara moja. Matundu hujikokota, na mengi hunaswa karibu na mpaka wa oksidi na silikoni, yakakaa hapo. Chaji hiyo iliyonaswa ndiyo inayobadili volteji ya kizingiti, na kadiri mionzi inavyozidi ndivyo badiliko linavyoongezeka. Tuchukue mfano wa kitambuzi ambacho kizingiti chake husogea milivolti 1 kwa kila sentigrei 1. Mgonjwa aliyepangiwa grei 2 kwa siku atatoa badiliko la milivolti 200. Zikisomwa 160, kuna jambo la kuchunguzwa kabla hajapanda tena kitandani.

Hapa mbunifu wa vitambuzi anaachana njia na mbunifu wa kompyuta. Wa kompyuta hutaka oksidi nyembamba kabisa, nanomita chache tu. Wa vitambuzi huinenepesha hadi mamia ya nanomita, kwa sababu oksidi nene huzalisha na kunasa matundu mengi zaidi. Anachokikimbia mwenzake, yeye anakitafuta. Udogo wa kifaa ni faida nyingine: sehemu inayopima ni ndogo mno, hivyo huweza kuwekwa pale ambapo dozi hubadilika ghafla katika milimita chache. Kitambuzi cha MOSkin, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Wollongong nchini Australia, hupima dozi ya ngozi katika kina cha milimita 0.07.

Je, usahihi huo humfaa mgonjwa kweli? Jaribio la TROG 02.02 lilianzishwa ili kuchunguza dawa ya tirapazamine kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Dawa haikurefusha maisha. Hata hivyo, uchambuzi wa ubora wa tibamionzi uliochapishwa mwaka 2010 ulibainisha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao mipango yao ya tiba ilikuwa na dosari kubwa, asilimia 50 walikuwa hai baada ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 70 ya wale waliotibiwa kwa kufuata utaratibu. Ikumbukwe kwamba jaribio hilo lilichunguza mipango ya tiba, si vitambuzi vya transista; si halali kulitumia kama ushahidi kwamba kitambuzi huokoa maisha. Linachothibitisha ni uzito wa kosa lenyewe. Kitambuzi kwenye ngozi hakiwezi kugundua kwamba daktari ameuchora uvimbe pasipo mahali pake, ila kinaweza kugundua kwamba mashine haikutoa kilichopangwa.

Aidha, kifaa hiki huzeeka kwa kazi yake. Matundu yaliyonaswa leo hubaki kesho, nafasi za kunasia hupungua, na unyeti hushuka. Joto la mwili nalo huathiri usomaji, na mionzi ya nishati ndogo husomeka kwa wingi kuliko uhalisia. Kwa sababu hiyo kila kitambuzi huhitaji kusahihishwa kwa aina ileile ya mionzi itakayompata mgonjwa, na jumla ya dozi kilichokwisha kupokea huwekwa katika kumbukumbu hadi siku kinapotupwa.