Tango la ndoo ni hesabu ya maji

Anayetaka kuotesha matango nyumbani huanza kwa kuuliza habari za udongo na mbolea. Maswali hayo yana maana, ila si yanayoamua mavuno. Tango ni maji kwa takriban asilimia 95, na mizizi ya mtango haizami sana. Mingi hukaa katika sentimita 30 za juu. Shambani hutambaa pembeni kufuata unyevu, lakini ndani ya ndoo haina pa kwenda. Maji yaliyomo ndooni ndiyo yote iliyo nayo, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Chukua ndoo ya lita 5, inayopendwa kwa kuwa haili nafasi. Ijaze udongo, uimwagilie mpaka ichuruzike chini. Kitakachobaki ndani ni maji ya lita 1 na nusu hivi, kwani sehemu kubwa ya ujazo ni udongo wenyewe. Mtango unaozaa, wenye majani mapana kama kiganja, unaweza kunywa lita 2 katika siku moja ya jua kali la Dar es Salaam au Mombasa. Umwagilie asubuhi, na saa tisa alasiri utaukuta umelegea. Ukirudia hivyo wiki nzima, maua yatapukutika, matunda yatapinda, na yatakayosalia yatakuwa machungu. Uchungu huo unatokana na kemikali iitwayo kukubitasini, ambayo huzidi mmea unapopata shida ya joto na kiu, na hujikusanya zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. (Wapishi wanaokata ncha na kuisugua mpaka itoe povu wanasaidiwa zaidi na kisu kuliko na kusugua.)

Kwa hiyo ndoo ya rangi ya lita 20, ikioshwa vizuri na kutobolewa matundu chini, ndiyo kipimo cha chini ninachokikubali, na shina liwe moja. Iliyowahi kubeba dawa za sumu isiguswe kabisa. Nyeupe ni bora kuliko nyeusi, maana nyeusi hupika mizizi. Udongo wa mfinyanzi mtupu hushikamana ndooni, maji yakaelea juu. Uchanganye na samadi iliyooza vizuri pamoja na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au pumba za mpunga, kisha utandaze nyasi kavu juu ili jua lisinyonye unyevu. Kabla ya kumwagilia, zamisha kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo uliogandamana, subiri. Kikitoka kikavu, umechelewa kidogo.

Wapo watakaosema maji ya mjini ni ghali mno kwa mchezo huu. Pingamizi hilo lina uzito, na tulipigie hesabu. Katika msimu wa miezi miwili na nusu shina moja litahitaji maji yanayokaribia lita 100, yaani madumu 5, na likitunzwa laweza kutoa matango 10 hadi 20. Anayenunua kila dumu kutoka kwenye mkokoteni hatapata nafuu kuliko anayekwenda sokoni, na kumwambia vingine ni kumdanganya. Lakini maji yaliyooshea mchele na mboga humwagwa kila siku katika kila jiko, na mtango hauyakatai. Ya kufulia yaache: chumvi za sabuni hujilimbikiza ndooni kwa kuwa hazina ardhi ya kuzimeza.

Pingamizi la pili ni la nyuki. Mtu wa ghorofa ya nne hulalamika kwamba mmea wake umejaa maua bila tunda. Mara nyingi ni suala la muda tu, kwani maua dume hutangulia, na jike hufuata siku kadhaa baadaye. Ua jike halifichiki: nyuma ya petali zake lina kitango kidogo chenye manyoya, wakati dume limesimama kwenye kikonyo chembamba kitupu. Ua hudumu siku moja, kwa hiyo kazi ifanywe asubuhi. Chuma dume, bandua petali zake, kisha gusisha chavua yake katikati ya jike. Asiyetaka kazi hiyo aulize duka la pembejeo mbegu za aina inayozaa bila kuchavushwa. Bei yake iko juu, ila kwa roshani isiyofikiwa na nyuki ni halali yake.

Siku 50 hadi 60 tangu mbegu kupandwa, mavuno ya kwanza huwa tayari, na hapo haifai kuwa na huruma. Pita kila baada ya siku mbili, ukate kwa kisu tango likiwa bado kijani na gumu. Likiachwa likawa la njano limekomaza mbegu, na mmea ulioona mbegu zake zimekomaa hupunguza kuzaa, hata uumwagilie vipi.