Dungu la mwindaji: la kujijengea au la dukani?

Kila Novemba 15, iwe Jumapili au katikati ya wiki, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa katika jimbo la Michigan, Marekani. Tarehe hiyo haijahamishwa tangu 1925. Shule nyingi za vijijini hufungwa, na kabla ya mapambazuko watu kwa maelfu wameshapanda mitini, wameketi kimya kwenye madungu yao, bunduki mapajani, baridi ikiwauma vidole.

Wanapanda kwa sababu ya pua. Kulungu mwenye mkia mweupe humtambua binadamu kwa harufu kabla hajamwona, na hana mazoea ya kutazama juu. Mwindaji akiwa mita tano au sita kutoka ardhini, harufu yake ina nafasi ya kupita juu ya mnyama kabla haijatua. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: risasi inayopigwa kutoka juu huishia udongoni, haisafiri msituni hadi kwa jirani.

Lakini aliyepanda anaweza kuanguka. Mwaka 2010 madaktari wa Ohio walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 130 walioumia katika uwindaji na kufikishwa kwenye hospitali kubwa za majeruhi kwa kipindi cha miaka kumi. Nusu yao walikuwa wameanguka. Waliopigwa risasi walikuwa asilimia 29 tu. Na katika kila mia walioanguka, 92 walianguka kutoka kwenye dungu. Zaidi ya nusu ya hao walivunjika pingili za uti wa mgongo, na wapo waliobaki na ulemavu wa kudumu. Hitimisho la madaktari lilikuwa zito: katika eneo lile, dungu ni hatari kwa mwindaji kuliko bunduki aliyoishika.

Kwa hiyo swali ambalo wawindaji hujadili kila vuli, la kujenga dungu kwa mkono wako au kulinunua dukani, si la pesa peke yake.

Dungu la kujijengea la asili linajulikana na kila aliyekulia karibu na misitu ya Michigan. Hutafutwa miti miwili au mitatu iliyokaribiana, zinapigiliwa mbao za mbili kwa nne kutoka shina hadi shina, juu yake inalazwa plaiwudi, na vipande vya mbao vinapigiliwa kwenye shina moja viwe ngazi. Kazi ya siku moja, baba na mwanawe, na mara nyingi mbao zenyewe ni mabaki ya banda lililobomolewa. Ndiyo maana watu hulipenda. Dungu alilojenga babu lina heshima ambayo chuma cha kiwandani hakiwezi kuipata, na mwandishi yeyote anayelidharau hajaielewa familia ya wawindaji.

Tatizo lake ni kwamba limeunganisha mbao iliyokufa na mti ulio hai. Tazama msumari mmoja tu. Siku ya kwanza umebana mbao kwenye gome, hakuna hata upenyo. Mti hunenepa kila mwaka kwa kuongeza pete mpya ya mbao chini ya gome, na pete hiyo huisukuma mbao nje. Msumari umeshikwa ndani ya shina, hauwezi kufuata, hivyo kichwa chake huanza kuzama kwenye mbao, mwaka baada ya mwaka, hadi kinakaribia kutokea upande wa pili. Upepo ukija, kila shina huyumba kivyake, na msumari uliowekwa katikati ya mivutano hiyo hupindwa huku na huko mpaka unakatika kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Maji ya mvua na theluji nayo huingia kwenye tundu lile lile, mbao ikaoza kuanzia pale inapobeba uzito.

Wengine hudhani mbao zilizotiwa dawa zimemaliza shida hiyo. Zimepunguza kuoza, lakini zimeleta jambo jingine. Kuanzia mwisho wa 2003, viwanda vya Marekani viliacha kutumia dawa yenye aseniki kwa mbao za matumizi ya nyumbani, vikahamia dawa zenye shaba nyingi. Shaba hiyo, ikipata unyevu, huila chuma cha kawaida haraka. Fundi anayetumia misumari aliyoizoea baba yake kwenye mbao za leo anajenga kitu ambacho mbao zake zitakuwa bado nzima wakati misumari imekwisha. Inatakiwa misumari na boliti zilizochovywa kwenye zinki, au za chuma kisichoshika kutu.

Ukizihesabu boliti hizo pamoja na mbao, ule unafuu wa kujijengea unaosifiwa hupungua sana. Dungu la chuma lenye ngazi yake, la kuegemezwa mtini na kufungwa kwa mikanda, huuzwa kwa kawaida kati ya dola 100 na 300. Mei 2021, bei ya mbao kwenye soko la Marekani ilipopita dola 1,600 kwa kipimo cha futi elfu, wapo waliogundua kwamba kujenga ni ghali kuliko kununua.

Na la dukani? Chama cha viwanda vinavyotengeneza madungu, TMA, kina viwango vya kupima uzito na uimara, na dungu lililopita vipimo hivyo huja na mkanda wa usalama wa mwili mzima ndani ya boksi. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, CPSC, imetangaza mara kadhaa kurudishwa kwa madungu ya kiwandani yaliyokatika nyaya au mikanda. Mikanda ya nailoni huchakazwa na jua, na kuchakuro huitafuna. Dungu likiachwa mtini mwaka mzima, mti ule ule unaonenepa huikaza mikanda mpaka nyuzi zinaanza kuachia. Mkanda wa mwili nao, kwa ushauri wa TMA, hutupwa miaka mitano baada ya kutengenezwa, hata kama unaonekana mpya.

Wakulima wa mpunga wa Rufiji, Tanzania, wana jibu ambalo wengi wa Michigan wamelifikia kwa njia yao. Dungu la kulindia shamba dhidi ya nguruwe na ndege husimama juu ya nguzo zake lenyewe. Halitegemei mti ulio hai, hivyo hakuna cha kunenepa wala kuyumba. Mwindaji anayetaka kujenga kwa mkono wake ajenge hivyo: nguzo nne nene, mihimili ya mshazari kila upande, boliti mahali pa misumari. Hilo ni dungu la kujivunia, na linaweza kukaliwa na mtoto na mzee bila wasiwasi. Anayetaka kupanda mti wenyewe anunue dungu la dukani, kisha alishushe msimu ukiisha. Katika ardhi ya umma ya Michigan, kupigilia misumari kwenye mti ni kosa kisheria.

Kwa anayepanda mtini, kamba ndiyo inayoamua. Inafungwa juu ya kiti na kufika hadi chini, nayo ina fundo linalosogea likisukumwa taratibu kwa mkono lakini hujikaza likivutwa ghafla. Mwindaji hujiunganisha nalo akiwa bado amesimama ardhini, kwa kuwa hatari kubwa iko wakati wa kupanda, kushuka na kuvuka kutoka ngazini kwenda kwenye kiti. Bunduki hubaki chini bila risasi, huvutwa juu kwa kamba yake. Akianguka na kuning'inia, damu hujikusanya miguuni na anaweza kuzimia, kwa hiyo huhitaji kitanzi cha kukanyagia, na mtu nyumbani anayejua yuko mti gani.

Yamebaki madungu ya zamani kwenye mashamba yaliyouzwa na kununuliwa tena. Asiwepo wa kuyapanda ili kuyajaribu. Yang'olewe kwa kutumia ngazi iliyofungwa vizuri. Msumari uliozama ndani ya shina huvunja meno ya msumeno na kuyarusha kwa nguvu, kwa hiyo mwenye shamba anayeuza miti awaonyeshe wakataji mapema kila mti uliowahi kubeba dungu, hata ule ambao gome limeshafunika misumari yote.