Una saa tatu Moshi? Nenda Rau
Msafiri anayesubiri basi la jioni mjini Moshi hana haja ya kumalizia muda na fedha zake stendi. Kilomita chache tu kutoka katikati ya mji upo Msitu wa Hifadhi wa Rau, unaofikika kwa bodaboda au, kwa asiye na haraka, kwa miguu.

Msitu huo hautegemei mvua pekee. Hunyweshwa na maji ya chini ya ardhi yanayotoka Mlima Kilimanjaro, ndiyo maana hubaki wa kijani hata kiangazi. Humo mna mivule mikubwa, mbega, na msoo, mti adimu unaoota maeneo machache tu ya Tanzania na Kenya.

Kiingilio hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na Mtanzania hutozwa kidogo kuliko mgeni. Aliye peke yake ni vyema achukue mwongozaji, kwani njia za ndani hufanana na giza huwahi chini ya miti.