Tumbo Lisilotulia: Tuanze na Vipimo, Kisha Chakula

Katika toleo hili tunaeleza tatizo linalomaliza fedha na amani ya kaya nyingi: tumbo kuuma, kujaa gesi, kuharisha au kufunga choo kwa miezi mingi, huku vipimo vikionyesha hakuna ugonjwa. Wengine huliita chango, wengine hudhani wamerogwa. Wengine hununua vidonge vya amiba mara kwa mara bila kupima.

Madaktari huliita kwa kifupi IBS. Utumbo hauna kidonda wala uvimbe, ila hufanya kazi bila mpangilio, na mishipa yake ya fahamu huhisi gesi kidogo kama maumivu makubwa. Hofu na mawazo huzidisha hali hiyo. Tatizo hili haligeuki kuwa saratani.

Kupima kwanza

Kwa wakazi wa Kipili na mwambao wa Ziwa Tanganyika, lazima kwanza minyoo, amiba na kichocho cha tumbo vitafutwe. Mwenye damu kwenye choo, homa, upungufu wa damu au anayekonda aende hospitali bila kuchelewa.

Chakula

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wameonyesha kuwa sukari za aina fulani hazinyonywi vizuri katika utumbo mdogo. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na gesi hutokea. Zimo katika maharage, vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano (chapati na maandazi), maembe, na maziwa kwa wasioweza kuyasaga.

Ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo, karoti, mayai, dagaa na migebuka kwa kawaida havina shida, mradi visijae mafuta. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya, na yaliwe kidogo.

Mgonjwa aache vyakula vinavyoshukiwa kwa wiki 2 hadi 6. Akipata nafuu, arudishe kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku 3, akiandika daftarini. Kinachomsumbua ndicho apunguze. Vingine aendelee kula. Kuacha vyote daima kunaweza kuleta utapiamlo. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasijaribu bila ushauri wa daktari.

Tunaziomba kamati za sharika:

1. Zihimize wagonjwa wapime kabla ya kununua dawa.
2. Zisiruhusu mgonjwa kuambiwa anajifanya au amelogwa. Maumivu yake ni ya kweli.
3. Zifundishe kina mama na kina baba upishi huu katika vikundi vyao.

Kwa wafadhili wetu: kazi hii haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji mafundisho, na nauli ya kumfikisha mgonjwa kwenye kipimo. Mgonjwa aliyeelewa tumbo lake hubaki na fedha ya ada na mbegu, ambayo ingeishia dukani kwa vidonge visivyomfaa.